Michezo ya Mafundi: Mungu Asemapo kwa Lugha ya Sokoni

Siku ya Ijumaa Kuu mtu apitaye katika mji wa Machakos, kama katika miji mingine mingi ya Kenya, aweza kukuta barabara imejaa watu wanaofuata msalaba. Kijana mmoja ameubeba mti begani. Wenzake wamejifanya askari wa Kirumi, wana mikuki ya fito na kofia za karatasi ngumu. Akina mama wanaimba, na wenye maduka wametoka milangoni kutazama. Wanaocheza habari hiyo hawalipwi hata senti. Mmoja ni seremala, mwingine ni mwanafunzi, mwingine ni mama auzaye mboga. Na sikukuu ikiisha kila mtu hurudi kwenye kazi yake.

Desturi hiyo ina jamaa yake wa mbali. Katika Uingereza, zaidi ya miaka 600 iliyopita, mafundi wa miji walikuwa wakicheza hadithi ya Biblia tangu kuumbwa kwa ulimwengu hata Siku ya Hukumu. Waliicheza barabarani, juu ya magari ya kukokotwa, kila chama cha mafundi na sehemu yake. Michezo hiyo ilikomeshwa, ikalala karibu miaka 400, kisha ikafufuliwa katika karne ya ishirini. Na katika kufufuliwa kwake likazuka swali ambalo latuhusu sana sisi watu wa nchi hii yenye lugha nyingi: Mungu akitokea mbele ya watu katika mchezo, aseme kwa lugha ya nani? Twamwomba msomaji awe na subira. Tutaanzia mbali, tutapitia Afrika ya Kusini, kisha tutarudi Machakos.

Magari ya York

Mji wa York uko kaskazini ya Uingereza. Habari ya kwanza iliyoandikwa juu ya magari ya michezo katika mji huo ni ya mwaka 1376, na mwaka 1415 karani wa mji aliandika orodha ya michezo yote pamoja na jina la chama kilichopewa kila mchezo. Siku yenyewe ilikuwa Sikukuu ya Mwili wa Kristo, ambayo huangukia mwezi wa Mei au Juni, wakati ambapo mchana wa nchi ile ni mrefu sana. Wachezaji walitakiwa kuwa tayari saa kumi na nusu ya alfajiri. Gari la kwanza lilisimama kituo cha kwanza, wakacheza. Kisha watu wakalisukuma hata kituo cha pili, wakacheza tena maneno yale yale. Na gari la pili likashika mahali palipoachwa. Vituo vilikuwa 12 au zaidi. Kwa hiyo mtazamaji aliyekaa mahali pamoja, kwenye mlango wa nyumba yake mathalani, aliona Adamu akipita, na Nuhu, na Ibrahimu, na Herode, hata giza likaingia na Hukumu ikafika mbele yake.

Jambo la kupendeza ni jinsi kazi zilivyogawanywa. Waunda meli walipewa mchezo wa kuunda safina, na wavuvi pamoja na mabaharia wakapewa Gharika. Wafua dhahabu walikuwa mamajusi, maana hao walikuwa na dhahabu ya kweli ya kuonyesha. Waoka mikate walicheza Karamu ya Mwisho. Watengeneza misumari walipewa kusulubiwa kwa Kristo, na wachinjaji kufa kwake. Wafanya biashara wa nguo, waliokuwa matajiri kuliko wote, walichukua Hukumu ya Mwisho. Katika mji wa Chester, ulio magharibi, Gharika ilichezwa na wachota maji wa mto Dee, na Kristo kushuka kuzimu kukachezwa na wapishi. Bila shaka kwa sababu wapishi wamezoea moto.

Kwa Kiingereza jina la michezo hiyo lina neno moja ambalo zamani lilibeba maana mbili: siri za imani, na ufundi wa kazi. Kwa Kiswahili hatuna neno moja la kuzishika zote mbili, basi katika makala hii tutaiita Michezo ya Mafundi.

Msidhani ya kuwa ilikuwa kazi ya ovyo kwa sababu walioicheza walikuwa watu wa kawaida. Iko hati ya mwaka 1433 inayoorodhesha vyombo vya mchezo wa Hukumu wa wale wafanya biashara. Mna gari la magurudumu manne, kinywa cha jehanamu, mavazi ya mashetani, kiti cha chuma chenye kamba nne cha kumpandisha Mungu mbinguni, na malaika wadogo tisa waliopakwa rangi nyekundu, wenye kamba ndefu ya kuwakimbiza huku na huku mawinguni. Tena mwaka 1476 baraza la mji liliagiza wachezaji wanne walio hodari wachaguliwe, wawapime wenzao wote, na kumwondoa kila asiyefaa kwa akili, kwa sauti au kwa umbo. Baraza likaamuru pia ya kwamba mtu asicheze zaidi ya mara mbili siku hiyo. Yeyote aliyewahi kusimamia mchezo wa shule au wa kanisa atajua kwa nini amri hizo zilihitajiwa!

Sasa tuseme juu ya maneno yenyewe, kwa maana hapo ndipo penye utamu. Katika mchezo wa York wa kusulubiwa wako askari wanne. Hawatoi hotuba za uovu. Wanafanya kazi. Wanamlaza Kristo juu ya mti, wanaona matundu ya misumari yametobolewa mbali mno, hayalingani na mikono yake. Basi wanafunga kamba na kumvuta hata mikono ifike. Wanalaumiana kwa kazi mbaya. Wanalalamika mgongo, wanaishiwa pumzi wakiuinua msalaba, wanauangusha katika shimo lake kwa kishindo, kisha wanatafuta kabari za kuukaza. Kristo husema mara mbili tu, kwa maneno machache. Watazamaji, ambao wengi wao walijua nyundo na kamba, walijikuta wakifikiri jinsi kazi ile ingefanywa vizuri zaidi, halafu wakashtuka walipokumbuka ni kazi gani.

Katika michezo inayohusishwa na mji wa Wakefield wamo wachungaji wa kondoo wanaonung'unikia baridi, kodi na ukali wa wakubwa. Mwizi aitwaye Mak anawaibia kondoo. Yeye na mkewe wanamficha ndani ya kitanda cha mtoto na kudai ya kuwa mke amejifungua. Wachungaji wanakuja kumtazama mtoto mchanga, wanashangaa kuona pua yake ndefu! Baada ya kicheko hicho ndipo malaika anapotokea, na wachungaji wale wale wanakwenda kumwona Mtoto mwingine, aliyelala horini. Na katika mchezo wa Chester mke wa Nuhu anakataa kata kata kuingia safinani bila marafiki zake, hata wanawe wanalazimika kumbeba.

Michezo hiyo ilikoma kwa sababu ya mabadiliko ya dini. Uingereza ilipoachana na Papa, wakubwa wapya wa kanisa na wa serikali waliiona kuwa mabaki ya mambo ya zamani. York walicheza mara ya mwisho mwaka 1569, na Chester mwaka 1575.

Kufufuka kwake

Mwaka 1951 mji wa York ulifanya tamasha kubwa. E. Martin Browne akasimamia Michezo ya Mafundi katika magofu ya abasia ya Mtakatifu Maria, kwa maneno yaliyotengenezwa upya na kasisi J. S. Purvis ili watu wa leo wayafahamu. Siku zile mchezo haukuonyeshwa kwa watu katika Uingereza bila ruhusa ya ofisi moja ya nyumba ya kifalme, nayo haikukubali Mungu wala Kristo achezwe na mtu katika michezo mipya; amri hiyo iliondolewa na sheria ya mwaka 1968. Michezo ya York ilipita kwa kuwa ni ya kale. Hata hivyo jina la mtu aliyecheza Kristo, Joseph O'Conor, halikuandikwa katika karatasi ya mchezo. Miongoni mwa malaika alikuwamo msichana wa mji ule aitwaye Judi Dench, ambaye baadaye alipata sifa duniani kote.

Maelfu walikuja, wakafurahi. Lakini Tony Harrison, mshairi aliyezaliwa Leeds mwaka 1937, alipoyatazama maonyesho ya York alikasirika. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na watu wa kwao walisema Kiingereza cha kaskazini, kile ambacho watu wa London hukiona cha kishamba. Michezo hii iliandikwa na watu wa kaskazini, kwa matamshi ya kaskazini. Mashairi yake, yenye maneno yanayoanza kwa sauti moja kama nyundo inayogonga, hayana nguvu yakisemwa kwa matamshi mengine. Lakini jukwaani Harrison aliwasikia Mungu na Kristo wakisema Kiingereza laini cha wakubwa, na matamshi ya wenyeji wakaachiwa wale wa kuchekesha. Yaani mji ulirudishiwa mchezo wake, lakini ulimi wake ukawekwa mlango wa nyuma.

Basi Harrison akaandika upya. Alichukua hasa maneno ya York, akaongeza ya Wakefield, ya Chester na mengineyo, akayashona kuwa kitu kimoja, bila kuyalainisha. Msimamizi wa mchezo alikuwa Bill Bryden, Mskoti. Sehemu ya kwanza, yaani Mateso, ilichezwa mwaka 1977 wakati wa Pasaka, nje kwenye baraza ya jumba la National Theatre mjini London. Sehemu ya Kuzaliwa ilifuata mwaka 1980, na mwaka 1985 ikaongezwa Siku ya Hukumu, zikawa sehemu tatu za kutazamwa siku moja au kwa siku mbalimbali. Zote pamoja ziliitwa The Mysteries.

Inafaa tuseme jinsi ilivyotengenezwa, maana fundi wa vyombo, William Dudley, alifanya kazi ya ajabu kwa vitu vya jikoni. Ukumbi haukuwa mkubwa. Viti viliondolewa chini, watazamaji wakasimama katikati ya wachezaji na kuwapisha walipopita. Dari lilijaa taa zilizotengenezwa kwa vyombo vya nyumbani: mapipa ya taka, vichujio, vikwaruzio vya jibini, taa za chemni. Wachezaji walivaa nguo za kazi: mchimba makaa ya mawe na kofia yake yenye taa, mchinjaji na aproni yake, mzima moto, na wengineo. Walikuwa wakiwaamkia watazamaji kabla ya mchezo kuanza, kama wenyeji waamkiavyo wageni. Mungu alipanda juu kwa mashine ya kuinulia mizigo, ile itumikayo ghalani. Mwaka 1985 Mungu huyo alichezwa na Brian Glover, mtu wa Yorkshire aliyekuwa mwalimu wa shule na mpiga mieleka. Akasema kama asemavyo mtu wa Yorkshire.

Mwaka huo huo wa 1985, mwezi wa Machi, mgomo mrefu wa wachimba makaa wa kaskazini ulikuwa umekwisha, nao walikuwa wameshindwa. Mtazamaji wa London aliyemwona mchimba makaa akisimama mbele yake kusimulia kuumbwa kwa nuru hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Wachezaji arobaini wa Afrika ya Kusini

Mwaka 2000 Michezo ya Mafundi ilifika Afrika. Mark Dornford-May, msimamizi wa michezo, na Charles Hazlewood, mwanamuziki, wote Waingereza, walikwenda Afrika ya Kusini kutafuta wachezaji. Hawakutafuta katika majumba ya michezo tu. Walizunguka katika mitaa ya Waafrika na makanisa penye kwaya, wakawasikiliza watu wengi sana, na wakachagua kama 40. Wengi wa hao hawakuwa wamewahi kupanda jukwaa la kulipwa. Chama chao kikaitwa Dimpho Di Kopane, maana yake vipawa vilivyokutana. Mchezo wao, Yiimimangaliso, yaani Maajabu kwa Kixhosa, ulitoka katika maandiko ya Chester, ukaonyeshwa Spier, karibu na Stellenbosch, kisha mwaka 2001 London katika jumba la kale la Wilton's Music Hall, na mwaka 2002 katika Queen's Theatre.

Hapo lile swali la lugha lilijibiwa kwa namna nyingine. Kila mchezaji alisema kwa lugha yake: Kixhosa, Kizulu, Kiafrikana na Kiingereza, zote katika mchezo mmoja. Muziki ulitoka katika koo za watu na katika vitu vya mtaani, kama mapipa na chupa. Mtazamaji wa London hakufahamu nusu ya maneno, lakini aliijua hadithi, na hilo likatosha. Hata Mwafrika ya Kusini mwenyewe, kwa wingi wa lugha za nchi yake, yawezekana hakuyafahamu yote. Twaona hilo ni jambo la kutia moyo kwa yeyote anayeogopa ya kuwa mchezo wa lugha ya nyumbani utawafukuza wageni.

Wachezaji kadhaa wa chama hicho baadaye waliunda chama kingine, Isango, wakaurudia mchezo huo London mwaka 2009 katika Garrick Theatre. Mwimbaji wao mkuu, Pauline Malefane, mtu wa mtaa wa Khayelitsha, ndiye aliyeonekana pia kama Mariamu katika sinema yao ya mwaka 2006, Son of Man, inayoiweka habari ya Yesu katika Afrika ya siku hizi.

Na sisi je?

Katika Kenya hatujasikia Michezo ya Mafundi ikichezwa yote, tangu Uumbaji hata Hukumu. Lakini lile jambo lililomkasirisha Harrison twalijua vizuri. Nani hakumcheka Mzee Ojwang wa mchezo wa Vitimbi katika televisheni? Benson Wanjau, aliyemcheza mzee huyo miaka mingi na kufariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo, lakini alisema Kiswahili kwa matamshi ya Kijaluo, na nchi nzima ikacheka. Kicheko kile kilikuwa cha upendo, nasi hatukilaumu. Twauliza tu: katika michezo yetu ya Krismasi, kwa nini malaika Gabrieli husema Kiingereza cha kitabu, Herode husema Kiswahili sanifu, na mchungaji wa kondoo peke yake ndiye husema kama mtu wa Masii au Mwala? Mtoto anayetazama anajifunza nini juu ya lugha ya nyanya yake?

Si kwamba Kikamba hakiyawezi maneno makuu. Ludwig Krapf alitoa Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, kabla reli haijawaziwa katika nchi hii. Biblia nzima ilitoka mwaka 1956. Na John Mbiti, mwana wa Kitui na mtaalamu wa dini za Kiafrika, aliyefariki mwaka 2019, alilitafsiri upya Agano Jipya kutoka katika Kigiriki moja kwa moja hata Kikamba. Wazee wa Ukambani wana majina ya Mungu ya kutosha mchezo mzima: Mulungu, Ngai, na Mumbi, maana yake Mwumbaji. Jina hilo la mwisho lingeweza kusemwa juu ya gari la kwanza na kusikiwa hata na mtoto.

Iko habari moja ya hapa kwetu isiyo ya dini lakini yenye somo. Mwaka ule ule wa 1977, miezi michache baada ya Harrison kuonyesha Mateso mjini London, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijenga wenyewe jukwaa la wazi na kucheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wakati wa mazoezi wanakijiji walikuwa wakiwasahihisha waandishi: mzee hasemi hivyo, mfanyakazi wa kiwandani haiti kitu kile kwa jina hilo. Mchezo ulianza mwezi wa Oktoba, serikali ikauzuia mwezi wa Novemba, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Watu waliokuwa wakisimamia mambo ya nchi walijua nguvu ya mchezo unaosemwa kwa lugha ya wenye jembe.

Kama ungechezwa Machakos

Tuseme basi kikundi kimoja cha Machakos kinataka kujaribu. Tusingeshauri kuanza na michezo yote. Mitano au sita yatosha kwa mchana mmoja.

Jambo la kwanza ni kugawa kazi kama York walivyogawa, na hapa mji wetu ni tajiri. Ukambani kuna mwethya, ile desturi ya majirani kukusanyika kufanya kazi ya pamoja. Ndiyo iliyochimba matuta mengi ya kuzuia udongo katika vilima vya wilaya. Kikundi cha mwethya chaweza kushika mchezo mmoja kama kinavyoshika shamba moja. Wachongaji wa Wamunyu, ambao ufundi wao ulianzishwa na Mutisya Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wapewe Uumbaji: Mungu aonekane na patasi, na Adamu atoke katika mti. Mafundi wa jua kali wapewe kusulubiwa, na misumari waifue mbele ya watu. Wauza mitumba wawavike Adamu na Hawa baada ya kutenda dhambi. Wachinjaji wanafaa sadaka ya Ibrahimu, kwa maana wanajua kushika kisu, na watazamaji wataogopa zaidi wakimwona Isaka chini ya mkono uliozoea.

Gharika tungewapa wachota maji, wale wa punda na mikokoteni yenye madumu. Msomaji asiyeijua nchi yetu atacheka: gharika katika nchi ya ukame! Lakini wazee wanaukumbuka mwaka 1961, ambapo njaa ilikuwa kali hata chakula kikaletwa kwa ndege, na kabla ya mwaka kwisha mvua ikanyesha kupita kiasi, mito ikafurika na kubomoa madaraja. Mtu aliyeyaona hayo mawili katika mwaka mmoja hahitaji kufundishwa namna ya kumtazama Nuhu. Maji yenyewe yasimwagwe, ni haramu kuyapoteza. Madumu matupu yakipigwa kwa fimbo, machache kwanza kisha yote, yatatoa sauti ya mvua juu ya mabati.

Lugha isipangwe kwa cheo. Hilo ndilo neno tunalotaka likumbukwe na msimamizi wa mchezo kuliko mengine yote. Mungu na aseme Kikamba cha wazee, kilicho kizito na kisicho na haraka. Pilato, aliye mgeni na mtawala, anaweza kusema Kiingereza, na karani wake akatafsiri vibaya. Hapo watu watacheka bila kumcheka mtu wa kwao. Wauzaji wa hekaluni waseme Kiswahili cha soko. Mke wa Nuhu hatamwita mumewe kwa jina tupu, ni kukosa adabu. Atamwita Baba Shemu, na jinsi anavyozidi kukasirika ndivyo jina hilo la heshima litakavyozidi kuuma. Maneno yasitafsiriwe kutoka Kiingereza na mtu mmoja mezani. Someni habari katika Biblia, fungeni kitabu, kila mtu aseme lile ambalo angelisema yeye, na karani aandike. Kisha rudieni kitabu mwone kama mmepotea.

Juu ya magari hatuna shida. Mkokoteni wa sokoni una upana wa kutosha watu wanne, na ukiwekewa nguzo na turubai unakuwa jukwaa lenye paa. Magurudumu yazuiwe kwa mawe kabla mtu hajapanda. Vituo vitatu vyatosha, navyo visisikilizane. Watazamaji wa kwetu hawatafuti viti. Wanajua kusimama duara kama kwenye ngoma, ila watoto wakae mbele. Mambo ya ruhusa yashughulikiwe majuma mengi kabla, kwa wakuu wa soko, kwa polisi na kwa viongozi wa makanisa. Katika mji wenye madhehebu mengi wako ambao hawapendi kumwona mtu akimcheza Yesu, na wako Waislamu ambao kwao nabii hachezwi kabisa. Hao waendewe kwa adabu na kusikilizwa, na njia ya magari isipite mbele ya milango yao.

Wachezaji wapimwe kama amri ya mwaka 1476 ilivyotaka, hasa kwa sauti, kwa maana barabarani pikipiki hazinyamazi. Katika York ya kale mfano wetu wa wanawake ni mbaya, kwa kuwa wanaume ndio walicheza hata Mariamu na mke wa Nuhu. Lakini Chester wake wa mji walikuwa na mchezo wao wenyewe, wa Mariamu kupalizwa mbinguni. Hapa Machakos, ambapo nusu ya kila kikundi cha mwethya ni akina mama au zaidi, swali hilo litajijibu lenyewe siku ya kwanza ya mazoezi.

Mchezo wa kusulubiwa ndio utakaohitaji mazoezi marefu kuliko yote. Askari wasijifanye wabaya. Wafanye kazi, wapime, waazimane nyundo, mmoja akatafute kamba, mwingine alalamike kiuno. Msalaba uwe wa mbao za kweli, na kamba zishikwe na watu wazima wasiopungua wanne wanapouinua; mchezaji wa Yesu afungwe mkanda kiunoni chini ya nguo na awe na kibao cha kusimamia. Tumeona mahali pengine msalaba ukiyumba na watu wakapiga makelele ambayo hayakuwa ya mchezo.

Hukumu ichezwe jua likitua, ambapo katika Machakos ni kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo saa ya kuanza ihesabiwe kurudi nyuma kutoka hapo. Taa za chemni zatosha kwa malaika. Kinywa cha jehanamu chaweza kuwa mlango wa nyuma wa lori, ukifunguliwa polepole. Mchezo ukiisha, turubai zishushwe na mikokoteni irudishwe kwa wenyewe usiku ule ule, kwa maana alfajiri wachota maji wataihitaji.